Springi za Malori na Hisa za Mama

Mwanamume aliyekuja kununua hisa za mama alikunywa vikombe viwili vya chai, akamaliza viazi vitamu vyote vilivyokuwa kwenye sahani, akafuta vidole kwa leso yake iliyonyooshwa pasi, kisha akasema amekuja kutusaidia. Hilo neno ndilo lililonichefua. Angesema amekuja kufanya biashara, ningemsikiliza. Mimi nafundisha somo la biashara sekondari hapa Songea, nimezeekea ubaoni, na sijawahi kumchukia mtu kwa sababu anatafuta faida. Lakini mtu anayekaa kwenye kochi la mjane na kumwambia anamtua mzigo, wakati anajua fika kwamba mzigo wenyewe ni mali, huyo simpendi na sitampenda hata abatizwe mara ya pili.

Naandika haya nikiwa bado na hasira. Wanaosema hasira hupoa yenyewe hawajawahi kukaa na ya kwangu.

Mali yenyewe ilikuwa karatasi moja, cheti cha hisa, kilichokunjwa mara nne na kutunzwa ndani ya sanduku la bati pamoja na vyeti vyetu vya ubatizo. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtunza stoo katika duka la spea za malori hapa mjini. Miaka hiyo, kampuni moja ndogo ya Dar es Salaam inayotengeneza springi za malori iliuza hisa kwa wananchi, na baba akachukua akiba yake yote akanunua. Ndugu zake walimcheka mpaka wakachoka. Wao walikuwa wananunua mabati, yeye ananunua karatasi. Alipoulizwa sababu alijibu kifupi: springi za hawa watu nazipokea dukani, nazitoa, hazirudi. Alimaanisha kwamba mteja akishaondoka nayo hamwoni tena akija kulalamika.

Kila mwaka kampuni ilipotoa gawio, yaani mgawo wa faida kwa wenye hisa, baba alikwenda benki, akarudi na bahasha, akamkabidhi mama bila kuifungua. Hakuuliza imetumikaje. Hela haikuwa nyingi, lakini mama hakuwahi kuajiriwa, hana mshahara wala pensheni, na hiyo ndiyo ilikuwa hela pekee maishani mwake ambayo hakuhitaji kumwomba mtu. Kwa hiyo alinunua mbolea ya shamba lake la mahindi kule Maposeni, alilipa vibarua, alitoa sadaka anayotaka yeye. Nataka hili lieleweke tangu sasa, kwa sababu sikugombania utajiri. Niligombania ile bahasha.

Baba alipofariki, matanga yalipokwisha, ukoo ulikaa kikao. Kwetu huwezi kukwepa hilo. Bila muhtasari wa kikao cha ukoo, wenye majina na sahihi za ndugu, Mahakama ya Mwanzo haimpitishi mtu kuwa msimamizi wa mirathi. Wanaume walikaa kwenye viti kibarazani. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wa jikoni, mama akiwa katikati yao na kanga nyeusi. Mimi nilikaa mezani na wanaume, si kwa heshima, ila kwa sababu nina mwandiko mzuri.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza, ingawa ni wa kike. Mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea baba barua za kampuni macho yake yalipoanza kufifia. Nilidhani walau mtu mmoja atataja jina langu. Walimchagua baba mdogo, mdogo wake marehemu, mkulima wa Maposeni, mzee wa kanisa, mtu ambaye hata simu yake huwa namwekea sawa mimi. Hakuna aliyepinga. "Mwalimu atuandikie," wakasema, na wote wakaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, kana kwamba wamenipa zawadi.

Nikaandika. Nyumba ya Matogoro anamoishi mama. Shamba la Maposeni. Baiskeli. Cherehani. Zikafika hisa. Baba mdogo akakishika kile cheti kwa mikono miwili, akakisogeza kwenye mwanga, akasoma idadi ya hisa kwa sauti. Halafu akaona pale chini pamechapwa kwamba kila hisa ni ya shilingi ishirini. Akatoa simu, akazidisha, akapata jibu lake.

"Andika, mwalimu," akanambia. "Ni hela ya mbuzi wawili, kama si mbuzi na jogoo."

Watu wakacheka. Mimi nilijua kwamba ile namba si bei. Ile ni namba ambayo kampuni hujiwekea siku inayoanzishwa, ni sawa na uzito wa mtoto siku ya kuzaliwa. Haukuambii leo ana kilo ngapi. Nawafundisha hilo kidato cha tatu kila mwaka, na anayekosea kwenye mtihani simwonei huruma. Nilitakiwa kuweka kalamu chini na kusema, baba mdogo, samahani, hapo sivyo. Ingenichukua dakika mbili. Lakini nilikuwa nimejaa mpaka kooni. Nikasema moyoni: waache. Waandike upuuzi wao, siku watakapotaka kuzijua hisa ni nini watanifuata wenyewe, na hapo ndipo tutaheshimiana. Nikaiandika namba yao kwa mwandiko wangu mzuri, nikaipigia mstari kwa rula. Muhtasari ukapitishwa mkono kwa mkono ukafika kwenye mikeka, na mama akaandika jina lake herufi moja moja, kama walivyofundishwa kwenye madarasa ya watu wazima. Hakuusoma. Alioneshwa tu mahali pa kusaini.

Miezi ikapita ndipo yule bwana mwenye leso akaja. Orodha ya wenye hisa aliipata wapi sijui, lakini alijua wajane ni akina nani na wanakaa wapi. Kwa baba mdogo alianzia, na baba mdogo, kwa kuwa hana siri, alimpa nakala ya muhtasari. Kwa hiyo siku ile Matogoro bwana huyo aliiweka nakala mezani, karibu na sahani ya viazi, akaweka kidole kwenye mstari wangu wa rula.

"Familia yenyewe imezithamini hivi," akasema. "Mimi natoa mara mbili. Taslimu. Na makaratasi yote ya Dar nitahangaika nayo mwenyewe."

Baba mdogo alinigeukia uso umemng'aa. "Umesikia, mwalimu? Mara mbili!"

"Nimesikia. Tusubiri kwanza."

"Tusubiri nini tena?"

"Nizipime."

"Utazipima kwa mizani gani, mwanangu? Ya sokoni?" Akacheka, na yule bwana akacheka naye kwa adabu.

Yule bwana hakuniogopa. Alinieleza kwa upole kwamba kampuni inakufa. Springi za kutoka nje zimejaa kila duka, za bei nafuu, na hisa za kampuni yetu haziuziki hata ukizitembeza. Lililoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli. Mtu mwongo mtupu ni rahisi kumfukuza. Mama, mikono kwenye mapaja, akasema, "Mpeni mwanangu siku zake." Tukakubaliana wiki mbili, mpaka Jumapili baada ya misa.

Wiki hizo mbili sijawahi kufanya kazi kwa chuki namna ile. Nilianza na taarifa ya mwaka ya kampuni, ambayo iko mtandaoni kwa mtu yeyote mwenye bando. Niliisoma kwenye simu ofisini kwa walimu wakati wa mapumziko, kurasa zote, hata zile za herufi ndogo ambazo wameziandika wakitumaini hakuna atakayezisoma. Mwalimu mwenzangu wa fizikia, mtu wa Bukoba, akanichungulia begani. "Mwalimu, umeanza kununua viwanda?" Nikamwambia aende akasahihishe madaftari.

Nilichokikuta kilikuwa hivi. Kampuni ilikuwa na kiwanda na eneo kubwa Dar es Salaam, eneo walilolipata zamani, na kwenye vitabu bado limeandikwa kwa bei ya zamani. Ilikuwa na chuma stoo na akiba benki. Mikopo ilikuwa midogo mno. Nikachukua mali yote, nikatoa madeni yote, nikagawa kwa idadi ya hisa. Nikarudia, kwa sababu jibu la kwanza sikuliamini. Kisha nikampigia dalali wa hisa Dar, binti mwenye sauti ya haraka, nikamuuliza bei ya sokoni. Bei ya sokoni ilikuwa mara saba ya ile iliyochapwa kwenye cheti cha baba. Na kwa hesabu yangu, hata hiyo bei ya sokoni ilikuwa nusu tu ya mali iliyokuwa nyuma ya kila hisa. Yaani soko lilikuwa linaiuza kampuni nzima kwa nusu ya vitu vyake, na mafundi, wateja na jina la miaka yote hiyo vinaongezwa bure.

"Kwa nini?" nikamuuliza binti.

"Hazitembei, dada. Wiki inapita hakuna aliyenunua wala aliyeuza. Kampuni ndogo, springi. Watu wanataka benki, wanataka bia."

Nikakata simu. Mtu anakunywa chai ya mama, anampa mara mbili ya kitu ambacho sokoni ni mara saba, na anataka ashukuriwe.

Hata hivyo sikujiruhusu kukimbilia Matogoro na kelele. Karatasi inaweza kusema kampuni ina kiwanja na chuma, na bado kampuni ikawa inakata roho. Baba hakununua kwa karatasi, alinunua kwa kilichokuwa kinapita mikononi mwake. Ilibidi nizione springi zenyewe. Na kama kuna mahali pa kuziona, ni hapa kwetu, kwa sababu malori ya makaa ya mawe yanapita Songea kila siku ya Mungu kwenda bandarini Mtwara, yamebeba mpaka matairi yanabonyea, na springi ndizo zinazoumia.

Jumamosi nilikwenda gereji moja pembezoni mwa mji yanakoegeshwa malori. Fundi wa springi, mzee mfupi mwenye ovaroli iliyokakamaa kwa grisi, alinipokea akidhani nimekosea njia. Nikamsalimu shikamoo, nikamwomba anioneshe springi zilizovunjika.

"Mwalimu unanunua chuma chakavu?"

"Hapana, baba. Nataka kusoma chapa."

Alinitazama, kisha akanielekeza kwenye lundo nyuma ya banda. Kila bamba la springi limegongwa chapa ya kiwanda karibu na ncha. Niliinama pale na gauni langu la kazini, nikawa nafuta kutu kwa kidole na kutenga: za nje huku, za kampuni ya baba kule. Nilipomaliza, fungu la za nje lilinifika magotini, la kampuni lilikuwa vipande vichache tu. Nikafurahi. Nikafurahi kijinga kwa muda wa kama dakika tano, mpaka nilipojikumbusha kitu ambacho ningemwandikia mwanafunzi kwa wino mwekundu: zilizovunjika ni chache pengine kwa sababu zilizouzwa ni chache. Lundo la chakavu halikuambii habari za springi nzima.

Basi nikamwomba mzee tochi, nikajifunga kanga juu ya gauni, nikaingia chini ya malori. Sitasahau vicheko vya madereva. Mmoja aliita wenzake waje kumwona mwalimu anayekagua magari kama askari wa usalama barabarani. Nilipita lori moja hadi jingine nikisoma chapa za springi zinazofanya kazi, na kwenye matela, kule nyuma mzigo unakolalia, nikaikuta chapa ya kampuni ya baba mara nyingi kuliko nilivyotegemea. Zilikuwa nyingi, zimechakaa, na bado zimebeba.

"Hizo ndizo wenye malori wanazozitaka," mzee akanambia nilipotoka, nywele zangu zimejaa vumbi jeusi. "Ghali, lakini zinakaa. Tatizo kuzipata. Ukitaka ukweli wote nenda Nakapanya. Huko barabarani ndiko springi zinakokatika."

Alhamisi iliyofuata baba mdogo alinipigia simu mara tatu nikiwa shuleni. Niliiona simu inawaka mara zote tatu. Kipindi kilikuwa kimekwisha, nilikuwa nimekaa tu nakunywa maji. Nikaigeuza ikalala kifudifudi, kwa sababu nilijua anataka kunisukuma, na sikutaka kusukumwa na mtu aliyenifanya mwandishi tu.

Jumamosi alfajiri nikapanda basi la Mtwara. Nakapanya ni mji wa barabarani, maduka pande mbili na mikorosho nyuma yake. Duka la spea nililoelekezwa lilikuwa la mzee wa Kiyao, mwenye kofia ya kufuma, ambaye msimu wa korosho yuko shambani na msimu mwingine yuko dukani. Nikamtolea salamu, akaniitikia kwa ukarimu, akaniletea kigoda na soda kabla hajajua shida yangu.

Nikamuuliza moja kwa moja: hizi springi za Dar, zinauzika au haziuziki?

"Zinauzika?" Akacheka mpaka kofia ikasogea. "Wallahi, mwalimu, ningekuwa nazo nisingekuwa nimekaa hapa nakunywa soda nawe. Tazama." Akatoa daftari la shule, ukurasa umejaa majina na namba za malori. "Hawa wote wananingoja. Wakikosa wanachukua za nje, zinakatika, wanarudi kunitukana mimi. Wenye kiwanda wamelala. Mali yao inatafutwa, wao hawaleti. Wanasema tanuru lao la kuchomea chuma ni bovu, inshallah jipya likifungwa mzigo utakuja."

Tanuru jipya nilikuwa nimelisoma kwenye taarifa ya mwaka, kwenye ukurasa wa mwisho kabisa wa herufi ndogo: limeshalipiwa, linasubiri kufungwa. Yule bwana mwenye leso naye alikuwa amelisoma. Nilikuwa na hakika. Ndiyo maana alikuwa na haraka.

Kwenye basi la kurudi niliandika kila kitu, mazuri na mabaya. Niliandika kwamba uongozi umelala, na uongozi uliolala unaweza kulala na tanuru jipya vilevile. Niliandika kwamba hisa zisizotembea zinaweza kukaa miaka bila kupanda. Lakini nikaandika pia kwamba kampuni haifi, kwamba bidhaa yake inangojwa kwa foleni, kwamba gawio halijawahi kukosekana, na kwamba mtu akitaka kuuza basi auze sokoni, si kwenye kochi. Chini nikaandika neno moja kwa herufi kubwa: TUSIUZE. Nilikuwa nimechoka, nanuka grisi na korosho, na nilikuwa na furaha ya mtu anayekwenda kuwaonesha watu.

Jumapili baada ya misa tulikaa sebuleni Matogoro: mama, baba mdogo na mimi. Nilizungumza karibu saa nzima. Niliwaeleza bei iliyochapwa, bei ya sokoni na thamani ya mali. Niliwaeleza lundo la chakavu, malori, daftari la Nakapanya, tanuru. Baba mdogo alinisikiliza ameinamisha kichwa, kofia yake ya misa mikononi, anaizungusha. Nilipomaliza hakuinua kichwa.

"Mwanangu," akasema, "nimekwisha kuuza."

Sikumwelewa.

"Alhamisi. Alikuja na gari, akasema mwisho wa neno lake ni siku ile, kesho yake anarudi Dar na hataki tena. Nilimpigia mama yako, akasema mngoje mwalimu. Nikakupigia mwalimu. Mara tatu. Hukupokea. Tukaenda kwa wakili mjini, nikaweka sahihi kama msimamizi."

Nililipuka. Sioni haya kusema nililipuka, ingawa kwa niliyoyasema naona haya. Nilimwambia amemuuza kaka yake. Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa na surua nilimwita mwizi, mbele ya mama. Nikamuuliza yule bwana amemkatia kiasi gani cha soda, na kama ndiyo maana alikimbilia kwa wakili kama kuku aliyeona mtama.

Baba mdogo aliingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha, akaiweka mezani mbele ya mama. Ilikuwa imefungwa kwa gundi, na juu yake muhuri wa wakili.

"Sijaifungua," akasema. "Nauli ya kwenda na kurudi Maposeni nimejilipia. Hesabu, shemeji."

Mama hakuigusa.

Baba mdogo alinigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilikuwa nazo za kutosha sote wawili. "Mimi ni mtu wa jembe," akasema. "Haya mambo ya hisa siyajui. Ila niliona ile namba kwenye muhtasari, imepigiwa mstari, mwandiko wako. Nikajiambia, kama namba ingekuwa si yenyewe, mwalimu asingeiandika. Yule bwana akatoa mara mbili ya namba ya mwalimu. Ningekataaje?"

Nikafungua mdomo kusema kwamba yeye ndiye aliyeisema ile namba, kwa kinywa chake. Lakini mama alikuwa ameshanigeukia.

"Namba gani?" akauliza.

Hakuwahi kuisikia. Alikuwa kwenye mkeka, upande wa jikoni, siku ile. Nikamweleza. Nilijaribu kuieleza kwa namna ambayo mimi ningetoka humo msafi: nikasema iliandikwa bei iliyochapwa, ni kosa la kawaida, watu wengi hukosea.

"Wewe ulikosea?"

"Niliandikishwa, mama."

"Nakuuliza. Wakati unaandika, ulijua kwamba si yenyewe?"

Ningeweza kudanganya. Mama ni mtu wa kuamini, na baba mdogo asingenisuta. Nikasema, "Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilikasirika. Hawakunichagua."

Mama alinitazama, si kwa ukali, kama mtu anayetafuta kitu usoni mwangu ambacho alikuwa na uhakika amekiacha pale. Kisha akainuka, akamwambia baba mdogo, "Shemeji, kaa, nakuletea chai. Umefanya ulivyojua."

Nikamfuata jikoni. Nikaanza kusema kwa haraka kwamba jambo halijaisha, nitakwenda mahakamani, nitatafuta wakili, mauzo ya namna ile yanaweza kubatilishwa, nina hesabu zote, nina ushahidi kuanzia gereji hadi Nakapanya. Mama alikuwa anakoroga sukari kwenye kikombe cha shemeji yake, na hakusimamisha kijiko.

"Utamwambia hakimu nini?" akauliza. "Kwamba shemeji yangu hakujua, au kwamba wewe ulijua?"

Sikwenda mahakamani. Tanuru jipya lilifungwa. Bei ya hisa ilipanda, sio mara moja, ila ilipanda, na nimeifuatilia kila wiki kwenye simu kama mtu anayejikuna kidonda, na kila wiki nimemlaani yule bwana na leso yake, na laana hazijawahi kukaa kwake, zinarudi nyumbani kwangu.

Bahasha ya baba mdogo ilimtosha mama mwaka mmoja. Mwaka uliofuata, siku moja mchana, nikiwa naingia darasani, alinipigia simu. Mama huwa hapigi saa za kazi. Alinisalimia, akauliza wajukuu wake hawajambo, akauliza kama mvua imenyesha huku mjini, wakati Matogoro na mjini ni mvua hiyohiyo. Kisha akasema jirani yake amefiwa na mume, wanawake wa mtaa wanakusanya rambirambi, na kama ninayo elfu tano, na kama sina si neno, anaomba nimsaidie.